Ndege wa Majira ya Baridi Forsythe: Namna ya Kuzunguka na Gari Ukaona Kitu

Edwin B. Forsythe ni hifadhi ya taifa ya wanyamapori kwenye pwani ya New Jersey, Marekani, kaskazini kidogo ya Atlantic City. Ina zaidi ya hekta 19,000, nyingi zikiwa vinamasi vya maji ya chumvi. Ilipata jina hili mwaka 1984, hifadhi mbili za zamani, Brigantine na Barnegat, zilipounganishwa. Watazama ndege wengi huja kwa ajili ya kitu kimoja tu: barabara ya changarawe ya kilomita 13 hivi, ya kwenda upande mmoja, iliyopita juu ya matuta ya udongo. Kushoto kwako, ndani ya mzunguko, kuna mabwawa ambayo maji yake huzuiliwa na hayo matuta. Kulia kuna vinamasi wazi na hori, ambako maji hujaa na kupwa kama kawaida ya bahari.

Wengi hudamka alfajiri, wakazunguka mara moja, wakarudi nyumbani wakisema leo ndege walikuwa wachache. Ndege hawakuwa wachache. Walikuwa upande wa pili wa maji.

Hatua ya 1: Panga siku kwa maji

Chukua jedwali la kujaa na kupwa kwa maji la Atlantic City, linalotolewa na NOAA, idara ya serikali ya Marekani ya bahari na hali ya hewa. Usilifuate neno kwa neno, maana linahesabu maji ya ufuko wa bahari wazi. Bahari hulazimika kwanza kupenya katikati ya visiwa vya mchanga ndipo ifike kwenye vinamasi, kwa hiyo huku ndani maji huchelewa, wakati mwingine kwa zaidi ya saa nzima. Tena upepo mkali wa kaskazini-magharibi, ule unaofuatana na baridi kali, husukuma maji nje ya hori, na jedwali likakudanganya kabisa.

Lenga kufika muda wa saa mbili hivi kabla maji hayajajaa. Tope la nje likianza kufunikwa, vitwitwi hukosa pa kusimama na kuhamia ndani, kwenye mabwawa, karibu na barabara. Siku za bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, ndizo bora, kwa sababu hata tope la juu kabisa humezwa. Siku za maji mafu, yanapojaa kidogo tu, ndege hubaki wametawanyika, na darubini yako itachoka bure.

Kuhusu miezi: Novemba na Desemba ni msimu wa bata bukini weupe wenye ncha nyeusi za mabawa, waliotoka Aktiki. Januari na Februari barafu hutawala, lakini usiahirishe safari kwa sababu hiyo. Mabwawa yakiganda, bata wote husongamana kwenye tundu moja la maji au hutoka kwenda mikondo ya nje isiyoganda, na tai wenye vichwa vyeupe husimama juu ya barafu wakingoja atakayedhoofika. Afadhali pia wakati huo hakuna nzi wa kijani wanaouma. Aliyewahi kuja hapa Julai anajua ninachosema.

Hatua ya 2: Kiingilio

Magari hulipiwa langoni. Kama utatembelea hifadhi zaidi ya moja, nunua stempu ya bata ya serikali kuu, dola 25, inayotumika kuanzia 1 Julai hadi 30 Juni. Ilianzishwa mwaka 1934 kama kibali cha wawindaji, lakini yeyote anaweza kuinunua, inakubaliwa katika kila hifadhi ya taifa ya wanyamapori inayotoza kiingilio, na karibu fedha zake zote huenda kulinda ardhioevu. Ukisikia bunduki kwa mbali usishtuke: sehemu za hifadhi huruhusiwa uwindaji wa bata katika msimu wake.

Hatua ya 3: Tayarisha gari, ndilo kibanda chako cha kujificha

Bata asiyejali gari lililosimama mita ishirini atakimbia mtu akifungua mlango mita mia moja. Kaa ndani. Darubini ya 8x42 (inayokuza mara nane, yenye lenzi za mbele za milimita 42) inatosha kwa sehemu kubwa ya njia. Ukiwa na teleskopu, iegemeze kwenye mfuko mdogo uliojazwa mchele juu ya ukingo wa dirisha.

Kosa la kila mtu ni hita. Ukishusha kioo huku ndani kuna joto, hewa ya moto hutoka kukutana na baridi na kila ndege huonekana akicheza kama aliye nyuma ya moto wa mkaa. Utalaumu lenzi zako za bei ghali bila sababu. Zima hita kabla ya tuta la kwanza, shusha vioo vya pande zote mbili, subiri dakika chache mpaka joto la ndani lilingane na la nje. Ndiyo, utaganda. Ndiyo maana ya soksi za sufu, kofia ya kufunika masikio na glavu nyembamba zinazokuruhusu kuzungusha gurudumu la darubini bila kuzivua.

Hatua ya 4: Tuta la kusini, polepole kuliko unavyotaka

Kipande hiki, unapoelekea mashariki, ndicho chenye mwanga mzuri kuliko vyote. Jua la baridi hukaa chini upande wa kusini, kwa hiyo linakuwa mgongoni unapotazama mabwawa ya kushoto. Rangi zote utazipata hapa, si kwingine.

Kulia, upande wa majengo ya Atlantic City, tafuta branti, bata bukini wadogo wenye kichwa na shingo nyeusi na mstari mweupe uliokatika kooni. Maji yakiwa yamejaa utawaona wakielea kwa makundi, hawana kazi. Hawazamii, kwa hiyo chakula hukifikia maji yanapopungua: huinamisha shingo, wakang'oa jani la mwani wa kijani lililo laini kama karatasi iliyolowa, na jirani akivuta ncha ya pili. Zamani walitegemea zaidi nyasi za baharini, lakini ugonjwa wa miaka ya 1930 uliziangamiza kwenye pwani hii ya Atlantiki na branti wengi wakafa. Waliobaki walibadili chakula.

Hatua ya 5: Tuta la mashariki, tazama juu

Hapa upepo hauna huruma, na hapa ndipo kozi huwinda. Ishara ni vitwitwi kupaa wote kwa pamoja, kundi zima likigeuka jeupe kisha kahawia. Usilikodolee macho kundi. Inua darubini juu yake na nyuma yake. Kozi huwa anapanda tena baada ya kukosa shabaha. Kufikia katikati ya miaka ya 1960 hapakuwa na kozi aliyezaa mashariki ya Marekani kwa sababu ya dawa ya kuua wadudu ya DDT, iliyopigwa marufuku mwaka 1972. Wanaozaa huku leo wametokana na vifaranga waliofugwa na kuachiliwa.

Miaka mingine hutokea bundi mweupe wa theluji. Akikukazia macho huku ameinama mbele, umeshamsogelea mno, rudi nyuma. Usitangaze alipo.

Hatua ya 6: Tuta la kaskazini, kisha zunguka tena

Ukirudi magharibi, mabwawa yako upande wa jua na bata wote ni vivuli. Watambue kwa umbo: mmoja ana mkia mrefu uliochongoka, mwingine mdomo mpana kama sepetu. Au geukia kulia, ambako mwanga ni mzuri na kipanga hupita chini chini juu ya nyasi, baka jeupe likionekana juu ya mkia.

Njia huishia msituni, karibu na ulikoanzia. Ingia tena, safari hii maji yakipwa, uone waliohama. Ila angalia saa: Desemba jua huzama karibu saa kumi na nusu, hifadhi hufungwa jua likizama, na ukishapanda tuta hakuna njia ya mkato ya kutokea.