Legeza gia kabla ya kushuka kwenye baiskeli

Kwa wanaojaribu triathloni fupi (kuogelea mita 750, baiskeli kilomita 20, kukimbia kilomita 5): ikibaki kilomita moja hivi ya baiskeli, weka gia nyepesi uzungushe pedali haraka, kama mizunguko 90 kwa dakika. Kuna atakayekupita hapo. Mwache.

Mara ya kwanza nilikomaa na gia nzito mpaka kwenye mstari wa kushukia. Kuvaa raba tu nilishika uzio, mapaja magogo. Safari hii nimelegeza, na miguu ikafunguka baada ya mita mia mbili tatu za kukimbia. Gia nyepesi hupunguza nguvu unayotumia kila mzunguko, na mwendo wenyewe unakaribia wa kukimbia, ambapo kila mguu hugusa chini mara 85 hadi 90 kwa dakika.

Haisaidii kama kilomita hiyo ni mlima au upepo wa bahari unakupiga usoni, wala kama ulishajimaliza tangu kilomita ya tano. Na mwenye baiskeli isiyo na gia, pole, punguza kukanyaga tu.