Kichwa bado kizito baada ya kugongwa? Tembea kwa alama

Nilianguka na bodaboda pale Makupa, Mombasa, nikagonga kichwa. Wiki ya tano kichwa kingali kizito, na kulala gizani kutwa hakukunifaa kitu. Mtaalamu wa fiziotherapia kanipa hesabu hii: kabla ya kutoka, yape maumivu alama kati ya 0 na 10. Tembea. Yakipanda kwa zaidi ya alama 2 juu ya ile uliyoanza nayo, simama, tafuta kivuli. Yakitulia ndani ya saa moja, kesho toka tena, ila punguza mwendo. Ukizoea, ongeza dakika chache tu. Sababu ni kwamba baada ya siku 2 za mwanzo kupumzika kupita kiasi huchelewesha kupona, lakini mwendo mwepesi usioamsha maumivu sana hukuharakisha. Mimi hutoka saa 12 asubuhi, Mama Ngina kando ya bahari, jua bado halijachoma (Mwembe Tayari na honi zile, usijaribu). Hesabu hii haitoshi ikiwa shida ni shingo, au kizunguzungu kila ukigeuza kichwa. Hiyo ina mazoezi yake. Na ukianza kutapika, kusinzia ovyo au mkono kulegea, usitembee popote, ukimbizwe hospitali.