Somo: Je, Madai ya Hataza Yanalingana na Kifaa cha Tiba Kilichoelezwa?

Hataza, yaani haki ya kisheria anayopewa mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, hulinda kile kilichodaiwa; lakini madai, yaani sentensi za ombi zinazotaja kile hasa mvumbuzi anachotaka kilindwe, hayana budi kusimama juu ya maelezo na michoro iliyowasilishwa siku ya kuomba. Nitatumia kesi ya ICU Medical dhidi ya Alaris, kampuni mbili za vifaa vya tiba, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Shirikisho nchini Marekani mwaka 2009, kwa kuwa inalifundisha jambo hili waziwazi.

Hatua ya 1. Soma maelezo na michoro kabla ya kugusa madai, kisha orodhesha kila sehemu ya kifaa na kazi yake. Kifaa cha ICU ni vali ya kuunganishia mpira wa dripu: ndani yake mna mwiba wenye ncha uliofunikwa na kizibo laini, na muuguzi anaposukumiza bomba la sindano, kizibo hubonyea, mwiba hukitoboa, dawa ikapita.

Hatua ya 2. Ligawe dai vipande vipande, na mbele ya kila kipande andika aya au mchoro unaokitegemeza.

Hatua ya 3, ambayo wengi huiruka. Tafuta kilichoachwa. Baadhi ya madai ya ICU hayakutaja mwiba kabisa, hivyo yalienea hadi kwenye vali zisizo nao, ilhali maelezo yalionyesha vali zenye mwiba tu. Mahakama ilithibitisha kwamba madai hayo ni batili, kwani mjuzi wa fani asingeona humo kwamba mvumbuzi alikuwa amevumbua vali isiyo na mwiba. Naiona hukumu hiyo kuwa ya haki.

MASWALI

Swali: Mwalimu, je, fundi akiweza kung'amua mwenyewe kwamba kizibo chenye mpasuo kingefunguka bila mwiba?
Jibu: Hoja hiyo ilitolewa, ikakataliwa. Wepesi wa fundi kulifikiria jambo si ushahidi kwamba mvumbuzi alilivumbua.

Swali: Sheria hii inatuhusu sisi pia?
Jibu: Naam, ndugu yangu. Ibara ya 6 ya Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama, inataka madai yategemezwe kikamilifu na maelezo.

Swali: Basi tunaweza kuongeza maelezo baadaye?
Jibu: Jambo jipya haliingizwi katika ombi lililokwisha kuwasilishwa. Punguza upana wa dai, au wasilisha ombi jipya lenye tarehe yake, ukijua kwamba ulichokwisha kukitangaza hadharani kinaweza kutumika dhidi yako.