SOMO: Jinsi ya kulinganisha PostgreSQL kwenye prosesa ya zamani na mpya

Mtu anahamia seva mpya, anapima zote mbili, anaona namba zimepanda, anaisifia prosesa. Kumbe siku hiyohiyo amebadilisha diski, kerneli (moyo wa mfumo endeshi) na toleo la PostgreSQL, ile programu ya hifadhidata. Lengo la somo hili ni kuhakikisha kinachobadilika ni prosesa na bodi yake tu.

Mfano wetu ni Xeon E5-2680 v4 ya mwaka 2016, ambayo seva nyingi za mtumba zinayo, dhidi ya EPYC 7313 ya mwaka 2021. Xeon ina viini 14, kache ya L3 (kumbukumbu ndogo ya kasi ndani ya prosesa) ya MB 35 na kasi ya juu ya GHz 3.3. EPYC ina viini 16, L3 ya MB 128 na GHz 3.7. Kila seva iwe na soketi moja yenye prosesa.

Hatua ya 1: Sawazisha kila kitu

Weka mfumo endeshi uleule na PostgreSQL ileile hadi tarakimu ya mwisho ya toleo. Usipuuze glibc, maktaba ya msingi ya Linux: ndiyo inayopanga maneno kialfabeti, na toleo tofauti linaweza kubadilisha muda wa kupanga data. Diski ya data chomoa huku uchomeke kule, iwe ni SSD moja kwa vipimo vyote.

RAM nayo ina mtego. Xeon hii ina chaneli 4 za RAM, EPYC ina 8. Jaza zote: vipande 4 vya GB 16 kwenye Xeon, vipande 8 vya GB 8 kwenye EPYC. Ukiweka vipande viwili tu kwenye EPYC umeinyima robo tatu ya njia zake za RAM, halafu utasema prosesa haina maajabu.

Kwenye postgresql.conf ya seva zote mbili:

shared_buffers = 8GB
huge_pages = on
max_wal_size = 16GB
jit = off
max_parallel_workers_per_gather = 0

Kwa huge_pages (kurasa kubwa za RAM), tenga kurasa kwanza:

sysctl -w vm.nr_hugepages=4500

Chaguo la kawaida ni "try", na shida yake ni ukimya: seva moja inazipata, nyingine inazikosa, na hakuna anayekuambia. Ukiweka "on", PostgreSQL itakataa kuwaka kama kurasa hazitoshi.

Hatua ya 2: Kasi ya prosesa na saa

Kwenye BIOS chagua hali ya utendaji wa juu, kisha:

cpupower frequency-set -g performance
cat /sys/devices/system/clocksource/clocksource0/current_clocksource

Jibu la amri ya pili liwe tsc, saa iliyo ndani ya prosesa. Likiwa hpet, saa ya kwenye bodi, kila PostgreSQL inapouliza saa inachelewa, na EXPLAIN ANALYZE (amri inayopima muda wa hoja, yaani ombi la data) itaonyesha hoja nzito kuliko ilivyo kweli. Thibitisha kwa pg_test_timing. Wakati wa vipimo acha turbostat wazi kwenye dirisha la pili uone GHz halisi. Ukiona kasi inashuka dakika ya tatu, angalia feni na gundi ya joto kabla ya kuilaumu prosesa.

Hatua ya 3: Tengeneza data kwa pgbench, chombo cha kupimia cha PostgreSQL

createdb jaribio
pgbench -i -s 300 jaribio

Hiyo ni rekodi milioni 30 kwenye jedwali la pgbench_accounts, kama GB 4.5 pamoja na indeksi. Zinaenea ndani ya GB 8 za RAM ya shared_buffers, kwa hiyo usomaji hautagusa diski. Zipakie kwenye RAM kabla ya kupima:

CREATE EXTENSION pg_prewarm;
SELECT pg_prewarm('pgbench_accounts');
SELECT pg_prewarm('pgbench_accounts_pkey');

Hatua ya 4: Kiini kimoja

Hapa wengi hukosea kwa kutumia pgbench yenye mteja mmoja. Mteja mmoja na seva wanapeana zamu: mmoja akifanya kazi mwenzake amelala, na sehemu kubwa ya unachopima ni muda wa kuamshana. Tumia hoja nzito:

EXPLAIN (ANALYZE, TIMING OFF)
SELECT count(DISTINCT bid), sum(abalance) FROM pgbench_accounts;

Rudia mara tano, tupa ya kwanza, chukua wastani wa mbili za katikati katika nne zilizobaki. Zikitofautiana sana kuna kitu kinaendelea nyuma, mara nyingi autovacuum (usafishaji wa kiotomatiki) ya data uliyotoka kuipakia. Isubiri imalize.

Ukishapata uwiano wa muda wa seva hizo mbili piga hesabu hii: 3.7 gawa kwa 3.3 ni takriban 1.12. Yaani kasi ya saa peke yake inaeleza nafuu ya kama asilimia 12, ikiwa turbostat inaonyesha prosesa zote zimefika kilele. Kinachozidi hapo kimetokana na kache, RAM na kazi inayofanyika kwa kila mpigo wa saa. Hiyo ndiyo namba ya kuangalia, kwa sababu GHz unaweza kuzisoma kwenye boksi bila kupima chochote.

Hatua ya 5: Wateja wengi, kusoma tu

Endesha pgbench kutoka mashine ya tatu, maana yenyewe inakula prosesa:

pgbench -h IP_YA_SEVA -S -M prepared -c 16 -j 8 -T 120 -P 5 jaribio

Badilisha -c (idadi ya wateja): 4, 8, 16, 32, 64. Xeon ina nyuzi 28, lakini ukishavuka viini 14 usitarajie maradufu, kwa kuwa nyuzi mbili zinagawana kiini kimoja.

Hatua ya 6: Kuandika

Ondoa -S (kusoma tu) na uongeze muda hadi -T 1200. Checkpoint (PostgreSQL kumwaga mabadiliko ya RAM kwenye diski) huja kila dakika 5 kwa kawaida, kwa hiyo kipimo cha dakika mbili kinaweza kuikwepa kabisa kwenye seva moja na kuikuta kwenye nyingine. Kabla ya kila mzunguko tengeneza data upya, kwani masasisho huacha rekodi mfu na jedwali linavimba. Idadi ya wateja isizidi 300, yaani ile -s ya Hatua ya 3 inayoweka idadi ya matawi ya benki ya mfano, la sivyo watagombania rekodi chache za matawi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, asante kwa somo. Seva yangu mpya inashinda kwenye kusoma, lakini kwenye kuandika ya zamani inaiacha mbali. Diski sikuhamisha. Tatizo nini?
Ni diski, mkuu. Endesha pg_test_fsync pande zote mbili. Seva za zamani nyingi zina kadi ya RAID yenye kache na betri, hivyo fsync (agizo la kuandika diskini kweli) inajibiwa papo hapo. SSD ya kawaida isiyo na kinga ya kukatika umeme inalazimika kuandika kweli kila muamala unapothibitishwa. Usizime fsync ili kupendezesha namba. Umeme ukikatika data inaweza kuharibika.

Nizime kinga za Spectre na Meltdown, yale mapengo ya usalama ya prosesa, ili mpambano uwe wa haki?
Hapana, pima jinsi utakavyotumia. Xeon hii inaathiriwa na Meltdown, EPYC haiathiriwi, na hoja ndogondogo huingia kwenye kerneli mara nyingi, kwa hiyo gharama ya kinga ni sehemu ya tofauti yenyewe. Hali yake utaisoma kwenye /sys/devices/system/cpu/vulnerabilities/.

Ya kwangu ina Xeon mbili. Je?
Zima mchezo wa soketi mbili kwanza, ibane PostgreSQL kwenye soketi moja:

numactl --cpunodebind=0 --membind=0 pg_ctl start -D /njia/ya/data

Kumbuka huge pages hugawanywa kwa kila soketi, kwa hiyo ongeza idadi hadi 9000 ili soketi ya kwanza ipate zake 4500. Baada ya hapo pima tena bila numactl, uone soketi ya pili inakuongezea nini.

Sisi tunatumia MySQL, kaka.
Hatua ni zilezile, chombo ni sysbench: oltp_read_only kisha oltp_read_write. Panua innodb_buffer_pool_size, maana ya kawaida ni MB 128 tu, na innodb_flush_log_at_trx_commit iwe 1 pande zote.