Dakika kumi za kutulia kila siku, na jinsi ya kuzilinda

Anayepanga mboga katika soko la Kibuye, Kisumu, kabla ya kupambazuka na kurudi mtaani Nyalenda usiku hana saa ya ziada. Akisubiri nafasi ipatikane, mwaka utakwisha. Dakika anazohitaji zimo tayari katika siku yake; kazi ni kuzitambua, kuzipa mahali na kuzikinga. Anza na kumi. Wanaoanza na nusu saa huacha upesi, kwa sababu siku ya kwanza yenye haraka huwavunja moyo.

Kutafuta mwanya

Chukua kipande cha karatasi na kwa siku tatu uandike kila unaposubiri kitu: maji ya kuoga yapate moto, chai ichemke, matatu ijae. Siku moja kati ya hizo iwe ya soko kubwa, maana Jumapili ya Kibuye haifanani na Jumanne. Mwanya unaojitokeza siku zote tatu ndio wako, hata kama si mzuri kuliko mingine. Hauhitaji kukumbukwa: ukishabandika sufuria, unaketi.

Kwa wengi mwanya huo uko alfajiri. Kwa kuwa ikweta iko karibu, Kisumu jua huchomoza kati ya saa 12:20 na 12:50 asubuhi mwaka mzima, hivyo saa utakayochagua Januari itakufaa hata Agosti. Osha uso kwanza, kisha ukae kwenye stuli. Kitandani utasinzia tu. Nakuru, iliyo juu ya mita 1,800, asubuhi huwa na baridi, na mwili unaotetemeka hauwazi kitu kingine ila joto. Jifunike shuka, vaa soksi. Kisumu nako usikae nje gizani mikono ikiwa wazi: mbu wa malaria huuma kuanzia jioni hadi alfajiri. Anayeswali alfajiri ana njia rahisi zaidi, asiinuke mara tu anapomaliza dua.

Chumba kimoja, watu watano

Geuza stuli itazame ukuta. Macho yakiona vyombo ambavyo havijaoshwa, mikono nayo huanza kuwasha. Kaa hapo hapo kila siku ili watoto waizoee ile picha, na uwape mwisho wanaoweza kuuona: "Mshale mrefu ukifika kwenye sita, nitaamka." Mtoto hushindwa kungoja asipojua anangoja mpaka lini. Redio ya jirani inayopenya mabati usishindane nayo. Sogeza saa yako mbele au nyuma kidogo.

Simu ndiyo adui mkubwa, na makosa huanzia kuifanya saa. Ikilia, unaichukua kuizima, unaona ujumbe, na utulivu wote unapotea papo hapo. Tumia saa ya ukutani. Kama huna, zima data na sauti, uiweke kifudifudi mwisho wa chumba. Wakala wa M-Pesa au mwendeshaji wa boda, ambaye simu ndiyo riziki yake, achague saa iliyo kabla ya mteja wa kwanza.

Dakika zenyewe

Mbili za kwanza ni za pumzi. Keti wima, nyayo zikanyage sakafu. Vuta hewa puani taratibu ukihesabu hadi 4, itoe ukihesabu hadi 6. Pumzi ndefu ya kutoka ndiyo inayopunguza mwendo wa moyo. Ukihisi kizunguzungu, unavuta kwa nguvu mno, rudi kwenye pumzi ya kawaida.

Tano zinazofuata zipe swali moja tu, lile lile kwa wiki nzima. Kwa mfano: ni nini ninachokiahirisha? Au: nani nimemsemesha vibaya, na kwa nini? Maswali matatu kwa mkupuo huishia kuwa orodha ya lawama. Tatu za mwisho, andika tarehe na mistari miwili kwenye daftari. Usizidishe, la sivyo kesho utaliona daftari kama mzigo.

Karo na madeni yatakuja, hilo ni lazima. Usipigane nayo. Fungua ukurasa wa nyuma, andika "karo, Ijumaa, kumwona mhasibu", kisha urudi kwenye swali lako. Ila deni lile lile likijitokeza siku nne mfululizo, hilo si la kutafakari tena: linahitaji kalamu, hesabu na jioni yake maalumu. Na kwa aliyefiwa karibuni, au anayejikuta akizidiwa na hofu kila anapotulia, dakika kumi za kimya zinaweza kuwa nyingi mno. Apunguze ziwe mbili, au atembee badala ya kuketi, na azungumze na mtu anayemwamini au mhudumu wa afya.

Mara moja kwa wiki

Ukipata saa nzima, toka nyumbani. Mlima Menengai, kule Nakuru, nenda na mwenzako, mkae mbali na ukingo wa kreta. Ufuo wa Dunga, kando ya Ziwa Victoria Kisumu, uondoke kabla ya giza, kwani usiku viboko hutoka majini kula nyasi, na anayesimama kati ya kiboko na maji yuko hatarini. Msitu wa Kakamega ufikie asubuhi; mvua huko mara nyingi hunyesha alasiri. Mkiwa wawili, kubalianeni kabla ya kuingia kwamba maongezi yataanza mkishatoka.