Baldur's Gate: soma mwongozo kabla hujaanza kufa

Wiki hii nimeulizwa mara nne kwa nini mpiganaji mpya anakufa mapema. Najibu hapa, kisha nitakuwa nawaelekeza huku. Nazungumzia toleo la 2012 la Baldur's Gate, gemu lile la kompyuta la 1998.

1. Pakua mwongozo wa PDF. Ukinunua GOG, duka la gemu la mtandaoni, uko kwenye vya ziada. Bando la usiku linatosha.

2. Uweke kwenye simu, gemu libaki kwenye kompyuta.

3. Namba ya kinga. Hapa ndipo nilipoharibu. Kanuni ni za Dungeons & Dragons toleo la pili, mchezo wa mezani wa dadu: kinga ikipungua ndiyo bora. Asiyevaa kitu ana 10, vazi la ngozi 8, deraya ya pete za chuma 5. Niliona 10 imeshuka hadi 5, nikadhani deraya ni mbovu, nikamvua. Wikiendi nzima nimecheza na mpiganaji asiye na vazi! THAC0, namba yako ya kumpata adui unapompiga, nayo ndogo ndiyo bora. Toa kinga ya adui kwenye THAC0 yako. Jibu ndilo dadu ya pande 20 inatakiwa kufikisha. THAC0 20, kinga 5: unahitaji 15. Angalia sana kinga ikiwa hasi, maana hapo unajumlisha.

4. Sevu kwa Q kila mara. Umeme wa huku Mbeya mnaujua.

MASWALI

– Mkuu, kinga 4 ni mbaya?
– Hatua ya 3.

– PDF ndefu, nimeiruka. Yule mchawi adui wa kwenye ngazi za Friendly Arm Inn, ile nyumba ya wageni, anapigwaje?
– Jibu limo humo ulimoruka. Anza na sura ya uchawi.

– Kaka, nipo Mafinga, nimesoma yote. Mbona uchawi wangu mwingine unakatikia njiani?
– Umeona vizuri, dada. Mchawi akijeruhiwa kabla hajamaliza kunuia, uchawi unapotea. Na wewe mfanyie hivyo mchawi adui: akianza tu, simamisha gemu kwa kitufe cha nafasi, waamuru wenye pinde wote wamlenge yeye. Kwa kundi la maadui wadogo, uchawi wa usingizi wa ngazi ya kwanza unashinda panga zako zote.

– Upanga umevunjika nikiwa vitani!
– Chuma cha nchi ile kina kasoro, ndiyo hadithi yenyewe. Beba wa akiba. Wenye uchawi hauvunjiki.

– Mimi simu inaniumiza macho, nimechapisha kurasa chache steshenari ya Kabwe.
– Wazo zuri sana. Zipi?
– Uchawi wa ngazi ya kwanza na ya pili, na jedwali la THAC0. Nimezibandika ukutani.
– Kesho na mimi napita hapo.