Jinsi ya kucheza mchezo wa wahusika na kundi mchanganyiko: vizibo 20, daftari moja na mbalamwezi

Kundi letu la Ujiji lina watu sita: kaka mvuvi wa dagaa, dada anayeuza mawese soko la Mwanga, muuguzi, kijana aliyemaliza kidato cha nne juzi juzi, shangazi yangu mwenye miaka 58, na mimi, mwalimu wa shule ya msingi, ninayeongoza. Mwongozaji anasimulia, kila mchezaji anashika mhusika wake na kuamua anachofanya, na pale mambo yanapoweza kwenda huku au kule, bahati inakata shauri. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuchapishwa na kuuzwa, Dungeons & Dragons wa Gary Gygax na Dave Arneson, ulitoka Marekani mwaka 1974. Mgeni simwanzii huko. Namwambia: ni hadithi hadithi, hadithi njoo, ila leo msikilizaji anaruhusiwa kumkatiza msimulizi na kusema "mimi siingii mlango huo, napita dirishani." Shangazi alielewa hapo hapo.

Anza na kalenda. Ukiwa na mvuvi wa dagaa kundini, usipange kila Jumamosi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti kitu na boti zinalala Kibirizi. Kwa hiyo sisi hucheza wakati wa mbalamwezi, siku mbili au tatu mfululizo, baada ya Isha mpaka saa nne na nusu. Dada wa mawese anarauka, hiyo saa hatuivuki.

Kisha dadu. Dadu barazani zinanuka kamari. Jirani mmoja alikuja kumuuliza shangazi, kwa heshima zote, kama nyumba imegeuka kijiwe, na alikuwa na haki ya kuuliza. Sasa tunatumia vizibo 20 vya soda, nimeviandika 1 hadi 20 kwa kalamu ya wino mzito upande wa ndani, vinakaa kwenye mfuko wa kitambaa. Unachota kimoja bila kuangalia, unakisoma kwa sauti, unakirudisha kabla mwenzako hajatia mkono. Kukirudisha ni lazima: ile 20 ikibaki nje, anayefuata hana tena njia ya kuipata. Vizibo vilivyopinda usivitumie, maana vidole vinavikariri.

Kanuni zetu ni hizi tu. Jambo rahisi linataka 8 au zaidi, la wastani 12, gumu 16. Kila mhusika ana kazi moja aliyobobea, anaongeza 3. Kwa hiyo jambo la wastani kwa aliyebobea linafaulu kwa vizibo 12 kati ya 20. Kwa asiyelijua, vizibo 9. Anayetaka zaidi, kanuni za msingi za Dungeons & Dragons zinapatikana bure mtandaoni, lakini azisome mwongozaji. Mgeni usimkabidhi kitabu.

Kwenye kuchagua hadithi ndipo nilipokosea. Kijana alitaka mazimwi na mapanga, nikakubali. Usiku mzima yeye na muuguzi, wenye kuyajua kutoka kwenye filamu, waliongea wao. Dada wa mawese aliaga mapema, na mwezi uliofuata hakuja. Nilimfuata sokoni. Akaniambia, "Mwalimu, nitapigana vipi na mnyama nisiyejua hata anakula nini?"

Tukahamia Liemba. Meli hiyo kila mtu wa Kigoma ana habari zake. Ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, Wajerumani wenyewe wakaizamisha mwaka 1916 baada ya kuipaka mitambo grisi nene, ikaopolewa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Basi kwetu mwaka ni 1924, na wahusika ni vibarua wa kambi ya kuiopoa: mpiga mbizi, fundi mitambo, karani, tabibu. Shangazi akachagua mpishi.

Saa nzima hakutia neno. Minyororo imefungiwa ghalani, funguo ziko kiunoni mwa msimamizi, vijana wanabishana wavunje au wasivunje. Nikamgeukia.

"Shangazi, chunguni kuna nini leo?"

"Migebuka kwa mawese," akajibu papo hapo. "Na pilipili."

"Msimamizi ameshakula?"

Akanyamaza, akakunja kanga vizuri magotini. "Bado. Na hatakula mpaka aweke funguo chini, anawe mikono."

Wastani, 12. Akachota 10, na 3 za upishi, 13. Baraza zima lilisimama.

Kwa hiyo mtu mkimya usimuulize "unafanya nini?" Swali hilo ni pana kama ziwa, litamzamisha. Muulize kitu ambacho mhusika wake anakijua kuliko wote, kisha umwachie nafasi, hata ukimya ukiwa mrefu. Wenye maneno mengi waombe wasubiri, tena kwa jina la mhusika: "Karani, ngoja kidogo, nimsikie mpishi."

Kabla ya hadithi mpya kila mtu ananinong'oneza asichotaka kukutana nacho. Muuguzi alikataa kifo cha mzazi au mtoto, dada alikataa uchawi. Kaka mvuvi alisema asizame mtu. Sikumuuliza kwa nini. Kwetu mpiga mbizi akikosa namba anaibuka mikono mitupu, au ameacha chombo chake chini na kesho lazima kifuatwe. Hadithi haikupungua utamu.

Saa nne na robo naanza kufunga. Naandika daftarini kila mhusika yuko wapi na ameshika nini, maana mpaka mbalamwezi nyingine ni karibu mwezi mzima na kila mtu atakumbuka lake. Halafu kijana anahesabu vizibo kwa sauti huku akivirudisha mfukoni. Vikitimia 20, tunaagana.